Minyoo Waliofika Siyu Salama

Imetangazwa rasmi, kwa karatasi yenye nembo tatu na sahihi mbili, kwamba wadudu waharibifu wa mizabibu katika kisiwa cha Pate wamedhibitiwa kikamilifu kwa njia ya kibayolojia, bila kutumia sumu, bila kudhuru mazingira, na kwa ushirikishwaji kamili wa jamii. Karatasi hiyo ilibandikwa ubaoni Amu, mjini Lamu, baina ya tangazo la punda aliyepotea na orodha ya walioitwa kwenye mahojiano ya kazi ya ukarani, ikakaa hapo mpaka mvua ilipoibandua. Waliobahatika kuisoma yote waliona kwamba mnufaika wa mradi ametajwa kuwa "Kikundi cha Wakulima wa Zabibu, Siyu".

Kikundi hicho kina mwanachama mmoja. Jina lake ni Bi Shifaa binti Athman.

Bi Shifaa ana miaka hamsini na minane. Amezaliwa Siyu, ameolewa Siyu, na Mombasa amefika mara tatu, zote kwa ajili ya hospitali. Baba yake alikuwa mshona viatu vya ngozi, katika wale wachache waliokuwa wamesalia. Mama yake alioka mkate wa mofa, na binti akaurithi ufundi huo pamoja na tanuri lenye ufa. Mume wake alikwenda Mombasa kununua cherehani. Cherehani ilifika baada ya wiki mbili. Mume hakurudi. Alioa huko, akazeeka huko, akazikwa huko, na kila Idi mpaka alipokufa alituma salamu za heshima, ambazo Bi Shifaa alizipokea kwa heshima ileile na kuzisahau kabla chai haijapoa.

Katika ndoa hiyo kulibaki cherehani na mtoto mmoja wa kike, Sundus.

Sundus alisoma kilimo bara, miaka miwili, akarudi na cheti na gunia bichi lililofungwa kwa kamba. Ndani ya gunia mlikuwa na vipando ishirini na vinne vya mzabibu, alivyopewa na mwalimu wake. Siyu ni mji ambao mtu akirudi na gunia huulizwa ndani mna nini kabla ya kuulizwa hali. Jirani yao, Bi Hindu, ambaye ukuta wake na ukuta wa Bi Shifaa ni ukuta mmoja, alikuwa wa kwanza kufika.

"Zabibu?" alisema. "Shifaa, tumekupelekea mtoto skuli urudishiwe mti wa Wazungu. Kesho utatuletea na pipa la kukamulia."

"Zabibu zimetajwa ndani ya Qur'ani, Bi Hindu," alijibu Sundus huku akifungua kamba. "Mbaazi zako hazikutajwa."

Bi Hindu alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akawa mtetezi wa mizabibu, ingawa hakuacha kuisema vibaya, kwa sababu kuacha kungekuwa ni kushindwa.

Vilipandwa katika kiwanja cha babu, ndani ya kuta za nyumba ya kale iliyokwisha kuanguka paa. Kuta hizo zilikinga upepo wa kusi. Sundus akasimamisha boriti za mikoko, akafunga waya, akakata vipande vya ndara kuukuu zilizoletwa na maji na kuvichonga nambari kwa kisu, kila mche na nambari yake. Ishirini na nne ilipandwa, kumi na tisa ikashika. Mwaka wa pili ilitoa zabibu ndogo nyeusi, kali kidogo, na nyumba moja ya wageni ya Shela ikazitaka zote. Aliyezipeleka Shela ni Uthman.

Uthman ni mtu wa Mtangawanda, gati la kisiwa. Kazi yake ni kununua samaki wa wavuvi na kuwapeleka Amu, na kurudi kutoka Amu na barafu, na kwa kazi hiyo ana sanduku la buluu kubwa kama kitanda cha mtoto, ambalo hulisifu kuliko watu wanavyosifu nyumba zao. Alizipeleka zabibu mara ya kwanza kwa nauli. Mara ya pili hakutaka nauli. Mara ya tatu alikuja na shangazi yake, na wote wakajua kilichomleta. Posa ilikubaliwa. Akaanza kumwita Bi Shifaa "Mama", na ikabaki kutafuta siku tu.

Wakati siku inatafutwa, figo za Sundus zilianza kugoma. Safari zile tatu za Mombasa ni hizo. Hazina haja ya kusimuliwa. Aliyewahi kuzisafiri anazijua, na asiyezijua Mungu amsitiri nazo. Alirudishwa nyumbani mwezi wa Shaaban, mwepesi kiasi kwamba Bi Shifaa alimbeba peke yake kutoka kwenye pikipiki mpaka ndani. Siku tatu kabla ya kufa alimshika mama yake mkono na kumwambia: "Usiinweshe mai ya kisima, Mama. Yana tumvi. Ya jabia tu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyokuwa na maana. Baada ya hapo alizungumza na watu wasiokuwepo.

Jabia, hilo birika kubwa la kukingia maji ya mvua, liko upande wa pili wa mji. Kuanzia siku ya arubaini, Bi Shifaa alikuwa akienda huko kila baada ya sala ya alasiri na madumu mawili. Mizabibu kumi na tisa, madumu mawili, mara tano. Watu walimzoea. Uthman naye alizoeleka: kila Ijumaa baada ya sala alipiga hodi, akaacha samaki, akakaa barazani kimya kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, akaondoka. Aliendelea kumwita Mama. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba neno hilo limekwisha muda wake.

Mwaka uliofuata majani yalianza kuwa manjano. Bi Shifaa alichimbua kwenye mche wa saba akakuta mabuu: meupe, manene, yamejikunja kama sikio, yakitafuna mizizi kwa utulivu wa watu waliolipiwa chakula. Mbawakawa walikuwa wametaga ndani ya samadi ya punda, na samadi hiyo alikuwa ameitia yeye mwenyewe, kwa mapenzi, kapu baada ya kapu.

Akaenda kwa afisa wa kilimo wa mradi, Bwana Hesbon Wanyama.

Wanyama alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, na aliyeogopa bahari bila kuficha. Alikuja Siyu na jaketi la kuelea, akalivaa kwenye boti, akalivaa kwenye pikipiki, na alikuwa bado amelivaa alipopiga magoti katikati ya mizabibu, mbali na maji yoyote yanayoweza kumzamisha mtu. Lakini kazi yake aliijua. Aliyatazama mabuu, akatikisa kichwa, akarudi baada ya wiki mbili na kisanduku baridi alichokipakata kama mtoto mchanga.

"Mama, hii ni dawa," alisema. "Lakini ni dawa hai. Ni minyoo."

Bi Hindu, aliyekuwa ameketi juu ya ukuta wake kwa kisingizio cha kuanika kunde, alipata alichokuwa akikingoja. "Minyoo! Siye twanwa dawa watoke, yeye awaleta kwa boti! Bwana Wanyama, na chawa hukubeba?"

"Hawa hawaingii mtu, Mama. Hawaingii hata kuku. Wanamtafuta buu chini ya udongo, wanamwingia, wanampasulia kijidudu kingine walichobeba tumboni, buu anakufa siku mbili. Halafu wanazaana humo humo ndani, wanatoka maelfu, wanatafuta mwingine."

"Lahaula," alisema Bi Hindu, safari hii kwa adabu.

Wanyama alimimina tone la maji kwenye kisahani, akampa Bi Shifaa kioo cha kukuzia. Mwanzo hakuona kitu. Kisha akaona nyuzi, nyembamba kuliko unywele wa mtoto, zikipinda na kujikunjua, zikipinda na kujikunjua, hazitulii. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tangu Shaaban ile hakuwa ameona katika nyumba hiyo kitu chenye hamu ya kuishi namna hiyo.

"Hivyo ndivyo wanavyotakiwa," alisema Wanyama. "Wakijipinda, wako hai. Siku ukiona wote wamenyooka kama sindano, wamekufa. Hao usihangaike nao, nipigie simu. Jua linawaua, ukavu unawaua, na barafu pia inawaua. Wanataka ubaridi wa mtungi, basi."

Walinyunyiza jua lilipopungua nguvu, kwa maji ya jabia. Baada ya siku tano Bi Shifaa alichimbua tena, akakuta mabuu yamelegea, yamegeuka rangi ya tofali. Alimwita Bi Hindu aje aone. Bi Hindu aliangalia, akasema mwenye kufa kifo kile lazima alikula mali ya yatima, na akaenda kuwatangazia watu. Mwezi haukupita mizabibu ikatoa majani mapya, na ule wa saba ukatoa zaidi ya yote.

Wanyama alieleza kwamba kazi haijaisha. Mbawakawa wangetaga tena baada ya mvua, na dozi ya pili ndiyo itakayofunga mlango. Bila hiyo mizizi iliyokwisha jeruhiwa haitastahimili. Alimwachia Bi Shifaa kile kioo, akaandika nambari yake ya simu kwenye karatasi, akavaa jaketi lake, akaondoka. Kabla mvua haijanyesha akahamishwa kwenda kwao bara, kwenye wilaya isiyo na bahari, na nambari ile ikawa inasema mteja hapatikani. Inasemekana amenenepa.

Mvua zilipokwisha, simu ililia. Alikuwa dada mmoja wa ofisi ya mradi Amu, jina lake Bochaberi, mwenye sauti ya haraka na ukarimu wa kweli ndani yake.

"Mama Sundus? Minyoo yako imefika kutoka Nairobi. Sina mtu wa kuleta huko. Uko na mtu wa kuchukua?"

Uthman alikuwepo, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Alinyoosha mkono hata kabla hajaulizwa. "Niachie mimi, Mama. Mimi na vitu vya baridi ni ndugu."

Bi Shifaa alikuwa na maneno mdomoni. Alitaka kumwambia habari ya mtungi. Lakini mtu anayejitolea hapewi masharti kabla hajanywa kahawa yake, na alipokwisha kunywa alikuwa ameshapanda pikipiki, kwa kuwa boti ya Amu haingoji. Baadaye alimpigia, Uthman alikuwa njiani, mtandao hakuna. Akajiambia kwamba ofisi itamweleza. Ofisini aliyemkabidhi pakiti alimwambia kweli: "Hii ikae baridi." Akaona kumwambia hivyo mtu mwenye sanduku la barafu kunatosha.

Katika sanduku lile, kama katika nyumba ya mtu, kuna mahali pa kila mgeni. Samaki wa kawaida hukaa pembeni. Nguru mkubwa, yule ambaye hoteli imemwagiza kwa jina, hukaa katikati, barafu tini yake na barafu yuu yake, kisha barafu ile hurushiwa tumvi ya mawe ili baridi iume zaidi. Uthman aliwapa minyoo wa Sundus mahali pa nguru. Aliwarushia tumvi kwa mkono wake. Boti ikangoja maji yajae ili ipite mkondo mwembamba wa Mkanda, wakafika Mtangawanda usiku umeingia, na yeye, kwa kuogopa joto la nyumba yake, akawaacha mle mle mpaka asubuhi.

Aliwasili Siyu saa mbili, pakiti ameifunga ndani ya shuka yake mwenyewe.

"Gusa, Mama! Gusa! Hata hao wa Nairobi hawakuwatia baridi kama hii."

Bi Shifaa aligusa. Ilikuwa ngumu kama kigae.

"Umewaweka wapi, mwanangu?"

"Katikati. Pa nguru." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. Akaketi kwenye baraza, akatazama vidole vyake vilivyobabuka kwa tumvi na barafu. "Mama, mimi Sundus sikumfanyia kitu. Mombasa sikufika nae, kwa kuwa si mume. Figo yangu waliikataa. Kaburi nalo wamechimba wengine, mimi nilikuwa nti nyingine na samaki wa watu. Hiki kimoya nimekiweza."

Bi Shifaa alisema, "Allah akulipe kheri," akaingia ndani na pakiti.

Aliiyeyusha kwa upole, kwenye bakuli la udongo, mbali na tanuri. Adhuhuri alidondosha tone kwenye kisahani, akainamia kioo. Nyuzi zilikuwa nyingi. Zilikuwa zimenyooka. Alitikisa kisahani, zikaelea zote upande mmoja, zikarudi zote upande mmoja. Alingoja. Alisema labda wamelala, labda baridi imewapumbaza kama inavyompumbaza nzi. Akasoma Yasini yote, akainama tena. Sindano.

"Nami nione," alisema Uthman nyuma yake. Alikuwa amevua viatu mlangoni, ameingia bila sauti.

Hakuwa na namna ya kumnyima kioo. Alikichukua, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda, na uso wake ukafunguka kama mlango.

"Nawaona! Subhanallah, nawaona kwa mato yangu! Wamenyooka safi, kama watu kwenye safu ya sala." Akageuka. "Ndivyo watakiwavyo, Mama?"

Ni swali la maneno matatu tu. Kuna watu wamesoma vyuo vikuu kwa miaka saba na hawajaulizwa swali lenye uzito huo.

"Ndivyo," alisema Bi Shifaa.

Alasiri walinyunyiza pamoja. Uthman alibeba madumu yote, hakumwacha abebe hata moja, akawa akipita mche kwa mche akimimina taratibu na kusema Bismillahi kila mara. Walipokuwa kwenye mche wa kumi na moja simu ikalia. Alikuwa Bochaberi. Mikono ya Bi Shifaa ilikuwa na tope. Uthman ndiye aliyebonyeza simu na kuishika hewani, sauti ikitoka kwa wote wawili.

"Mama, mzigo umefika salama?"

"Umefika salama."

"Na minyoo? Umeangalia na ile lenzi? Wako hai? Nauliza kwa sababu hii kitu huwa inaharibika njiani. Nimebaki na pakiti moja hapa. Kama hao wamekufa nakutumia hii kesho, si shida kabisa. Kama wako sawa naipeleka kwingine, wanaingoja."

Bi Shifaa alimtazama Uthman. Alikuwa ameshikilia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayemshikia mwenzake taa, na alikuwa anatabasamu kwa ajili ya lile swali, kwa kuwa jibu lake alilijua.

Kwa watu wa Siyu, kumsitiri mtu si jambo la kufikiriwa. Hufanywa kama mtu anavyozuia kikombe kisianguke. Mwenye kumsitiri mwenzake hapa, Mola atamsitiri kule. Hilo kila mtoto hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Hakuna aliyeandika popote gharama ya jambo hilo ni nani ailipe.

"Wa hai," alisema Bi Shifaa. "Alhamdulillahi, wa hai wote. Hiyo nyingine wapelekeeni wenzetu."

"Sawa, Mama! Basi naandika hapa kwamba ni asilimia mia."

Siku mbili alikaa na shauri hilo. Angeweza kupiga simu Uthman akiwa hayupo. Lakini Bochaberi angeuliza nani alibeba, na angeandika jina, kwa nia njema, na kule Amu maneno huvuka maji bila kulipa nauli. Siku ya tatu akapiga hata hivyo. Bochaberi alipokea, nyuma yake kuna kelele za gati.

"Mama Sundus! Kuna shida?"

"Ile pakiti ya pili, mwanangu, ipo?"

"Ai, ilienda jana na boti ya asubuhi. Kwani?"

"Hapana," alisema Bi Shifaa. "Nimepiga kukujulia hali tu. Nyumbani hawajambo?"

Nyumbani hawakuwa na jambo. Waliongea habari za nyumbani kwa muda.

Mizabibu haikufa kwa fujo. Wa saba ulitangulia, ule uliokuwa umestawi zaidi, na mingine ikafuata mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msikitini bila haraka. Bi Shifaa aliendelea na safari za jabia. Alijaribu kuyachimbua mabuu kwa mkono, akayatia kwenye kopo, akayapa kuku wa Bi Hindu. Kwa kila mche aliosafisha mizizi ilikatika mikononi mwake. Bi Hindu hakusema kitu. Kwa Bi Hindu, hiyo ilikuwa ni tanzia.

Uthman aliona, kila Ijumaa. Alihesabu kwa macho, akanywa kahawa. Mwezi wa pili akashindwa kunyamaza.

"Mama, mbona yafa? Minyoo si tuliwatia? Mimi nimewaona, wazima, wamenyooka." Akameza mate. "Au nilikosea kitu mimi? Niambie. Labda kule kwenye sanduku..."

Alikuwa amefika karibu mno. Mtu mwenye akili akifika hapo huhitaji usiku mmoja tu wa kufikiri. Bi Shifaa aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea vitunguu.

"Hukukosea. Mimi nimeinwesha mai ya kisima."

"Vipi?"

"Jabia ni mbali, Uthman. Mato yangu hayaoni ndia vyema, magoti yauma. Nalikuwa nachukua ya kisima hapa karibu. Tangu mvua ziishe."

Mtu mwingine angekumbuka kwamba amemkuta njiani na madumu, si mara moja wala mbili, akitoka upande wa jabia. Lakini mtu aliyeondolewa mzigo hauchunguzi mzigo umekwenda wapi.

"Alikukataza, Mama," alisema Uthman, kwa sauti ndogo. "Ni neno moya alikuachia."

"Alinikataza."

"Moya tu."

"Naam."

Alimaliza kahawa yake kwa sababu ya adabu. Alichukua panga na kuikata mizabibu iliyokwisha kauka, miche minane siku hiyo, akaipanga ukutani vizuri, na alipoaga alisema "Kwaheri, Bi Shifaa."

Habari ikaenea, kama ilivyotakiwa kuenea ili iaminike. Ikasemwa kwenye jabia lenyewe, na wanawake waliokuwa wakimwona pale kila siku, kwamba Shifaa ameiua mizabibu ya marehemu mwanawe kwa uvivu wa kuteka maji. Kila alipotokea na madumu yake walinyamaza kwa aibu ya kumwona. Bi Hindu peke yake ndiye aliyepanda juu ya ukuta siku moja, akakaa, akatazama magoti ya jirani yake kwa muda.

"Shifaa. Mimi nakaa hapa ukutani mwaka wa tatu. Kisima hukugusa."

"Kunde zako zitaungua na jua, Bi Hindu."

"Ni nani huyo unayemfitia siri?"

"Ziondoe, ni kavu hizo."

Bi Hindu alizikusanya kunde zake. "Basi," alisema. "Na mimi sikuona."

Uthman alioa mwezi wa Mfungo Sita, msichana wa Faza. Alikuja kuaga kama inavyopasa, na halua, na hakukaa. Mlangoni tu aligeuka akasema kwamba amekuwa na uzito mwingi, ila kwa jambo moja moyo wake ni mweupe, kwamba ile siku alimfikishia Sundus amana yake ikiwa salama, hata kama yaliyofuata yalikuwa yaliyofuata. Hakutaka kumtia mtu uchungu kwa kusema hivyo. Bi Shifaa alimwombea mke mwema na watoto, na alipokwisha kufunga mlango alikaa nyuma yake kwa muda, mgongo kwenye ubao, mpaka mkate ukaungua tanurini.

Tathmini ilifanyika wakati wa kaskazi. Bochaberi alikuja mwenyewe, na mwenzake mmoja mwenye kamera, na fomu ya kurasa nne. Walichimba mashimo sita mahali ambapo ramani ilisema pana mizabibu, kina cha mkono mmoja, wakachekecha udongo kwa chujio. Hawakuona buu hata mmoja, kwa kuwa mizizi ya kutafunwa ilikuwa imekwisha. Bochaberi aliinua kichwa akatazama zile boriti zilizosimama na waya mtupu, akamtazama Bi Shifaa, akafungua mdomo. Kisha akatazama fomu. Fomu iliuliza habari za wadudu.

"Uko na maoni yoyote, Mama?"

"Sina, mwanangu. Ahsanteni kwa kuja. Chai tayari."

Walikunywa chai na mkate wa mofa, wakausifu. Yule mwenye kamera alimpiga picha Bi Shifaa amesimama kando ya boriti, amejitanda vizuri, na picha hiyo ikatoka vyema.

Ulipoingia msimu wa kupanda, alilima katikati ya zile boriti, akatia mihogo. Imeshika vizuri.